Galaksi ya Kumi na Tatu

Saa nne kasorobo asubuhi, siku ambayo kituo kizima kilikuwa kimevaa vizuri kuliko siku zote, Shangazi aliona namba mbili kwenye skrini ya kompyuta yake na moyo ukampiga paa.

Namba zenyewe hazikuwa na ubaya wowote. 614 na 273. Mtu mwingine angezipita kama anavyopita namba za magari barabarani. Lakini Shangazi alisoma shule ya bweni miaka sita, na huko kila mwanafunzi alikuwa na namba yake, imeshonwa kwenye sare, imeshonwa kwenye shuka, imechorwa kwa msumari mpaka kwenye kitako cha kikombe. Yake ilikuwa 614. Ya mdogo wake, aliyemfuata miaka mitatu baadaye, ilikuwa 273. Namba za namna hiyo hazimtoki mtu hata akizeeka akasahau alikoweka miwani.

"Hapana," alisema, na chumbani hakuwemo mtu wa kumjibu. "Hapana, hapana, hapana. Haiwezekani."

Ngoja nikueleze kazi ya mama huyu, maana bila hiyo utamwona kichaa.

Kwanza hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale kituoni. Jina hilo alipewa kwa ajili ya ulimi wake. Ukikosea hesabu atakusema, ukiacha kikombe kichafu atakusema, na mwisho wa siku atakuuliza kama umekula. Kituo chenyewe kilikuwa jengo la ghorofa mbili lenye ngazi nyembamba na mazulia yaliyochakaa, na kazi yake ilikuwa kupokea data za antena zilizosimikwa mbali sana, kwenye uwanda wa juu ambako mawingu ni ya kuhesabu. Antena zile zinatafuta gesi. Katika galaksi za mwanzo kabisa, ulimwengu ulipokuwa mtoto mchanga, nyota zilikuwa zinazaliwa kwa fujo, na zilipozaliwa, gesi ya kaboni iliyozizunguka iling'aa. Mng'ao huo umesafiri karibu miaka bilioni kumi na tatu. Ukifika kwenye antena umechoka, umefifia, umebaki doa tu katikati ya madoa mengine elfu ambayo si kitu, ni kelele za mitambo. Mtafutaji anakaa mbele ya ramani ya madoa hayo miezi, anachagua: hili ni galaksi, hili si galaksi.

Sasa utajuaje kama mtafutaji ana jicho, au anaota tu? Hapo ndipo Shangazi anapoingia. Kila msimu, kabla ramani haijatolewa, yeye hupandikiza ndani yake galaksi kumi na mbili za uongo. Pale kituoni wanaziita mapandikizi. Orodha yake anaitia kwenye bahasha, anaigundisha, anampa Mkurugenzi anaifungia kabatini. Watafutaji wanatafuta bila kujua lipi la kweli na lipi la Shangazi. Wakimaliza, bahasha inafunguliwa kwa chai na biskuti na kuchekana sana. Ukiwa umeyakamata mapandikizi tisa kati ya kumi na mawili, inajulikana kwamba hata galaksi za kweli unazikosa kwa kiasi hichohicho. Na kile ulichokiona ambacho hakimo kwenye orodha, basi hicho ndicho mali yako.

Mwezi wa tatu bahasha ilifunguliwa. Mzee Bado alikuwa ameyakamata mapandikizi kumi na moja. Na zaidi ya hayo alikuwa na doa moja ambalo halikuwemo kwenye orodha.

Nyie! Si doa la hivihivi. Galaksi ya miaka milioni mia nane tu baada ya ulimwengu kuanza, inang'aa kaboni kama nini, na ukipiga hesabu inazaa nyota za uzito wa majua mia sita kila mwaka. Galaksi yetu hii tunayokaa, na ukubwa wake wote, ikijitahidi sana haipiti mawili. Wataalamu wa nchi za watu waliposikia walianza kuandikiana barua. Wawili walisema nadharia zao za miaka yote zitabidi ziandikwe upya.

Na aliyeipata, jamani, ni Mzee Bado! Mtu aliyekuwa na miaka ishirini na miwili kwenye chumba kilekile, kiti kilekile, akiulizwa "Mzee, umepata?" anajibu "Bado," mpaka likawa jina. Aliwafundisha vijana wangapi kazi, wakapata vyao, wakaenda, yeye akabaki. Ijumaa ile alikuwa anastaafu. Leo, Alhamisi, saa sita mchana, galaksi ilikuwa inatangazwa mbele ya waandishi wa habari. Mkewe alikuja, na watoto wake watatu walikuja, mmoja kwa ndege.

Shangazi alikuwa amepewa kazi ndogo tu: kuchora mshale. Ramani kubwa ingetundikwa ukumbini, na mshale mwekundu uelekee kwenye galaksi ili wageni waione. Sasa Mzee Bado katika maandishi yake yote alitumia vipimo vya angani, vile wanavyotumia wataalamu wote. Lakini ili uchore mshale ni lazima uvigeuze viwe mstari na safu za ramani yenyewe. Shangazi akavigeuza. Mashine ikamrudishia: mstari wa 614, safu ya 273.

Akakumbuka, na kukumbuka kwenyewe kulikuwa kama kumwagiwa maji ya baridi mgongoni.

Kila msimu, kabla ya kupandikiza yale kumi na mawili, hujaribu kwanza programu kwa pandikizi moja. Analiweka kubwa, ling'ae vizuri, alione bila taabu. Na kwa kuwa ni la majaribio, halihitaji namba za kufikiriwa, huandika zile zinazomjia kidoleni: yake na ya mdogo wake. Akiliona limekaa sawa, analifuta, ndipo anaanza kazi. Ila msimu huu, katikati ya jaribio, umeme ulikatika. Uliporudi, kompyuta ikajiwasha yenyewe, yeye akaenda kumsaidia karani aliyekuwa analia kwa kupoteza barua za siku nzima, akarudi, akaanza yale kumi na mawili. Je, alilifuta lile la kwanza? Alijiuliza hivyo sasa, miezi minane baadaye, na jibu alikuwa nalo.

Kulikuwa na njia moja ya kujihakikishia. Kituo kilitunza ramani safi, isiyotiwa pandikizi hata moja. Bahasha ikishafunguliwa, ramani hiyo huwa wazi kwa kila mtu wa kituo, na kanuni inasema mwenye galaksi aende akaitazame kwa macho yake kwanza, aione huko pia, ndipo aandike. Kanuni hiyo aliitunga Mzee Bado mwenyewe.

Shangazi aliifungua. Aliandika 614. Aliandika 273. Akabonyeza.

Hakukuwa na kitu. Vidoa vya kijivu, kelele tupu, sawa na kila pembe nyingine ya ramani. Alikuza picha, akaipunguza, akaikuza tena. Aliandika namba upya, polepole, akizisoma kwa sauti. Tupu. Miaka kumi na tisa alijivunia kwamba mikono yake haijawahi kukosea orodha. Galaksi iliyowakosesha usingizi mabingwa wa dunia ilikuwa namba ya shuka lake la bwenini.

Alitaka kucheka. Aliinuka, akakaa, akainuka tena.

Alimkuta Mzee Bado nje ya ukumbi, kwenye korido, amevaa suti ya kijivu iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani. Mkewe alikuwa anamnyoosha tai. Watoto walikuwa wanapigana picha mbele ya bango lenye jina la baba yao.

"Wifi!" mkewe alimwita Shangazi kwa furaha. "Hebu mtazame kaka yako. Nimeoana naye miaka thelathini, leo ndiyo namwona na shingo."

"Amependeza," Shangazi alisema, na sauti ikamtoka kama ya mtu mwingine. "Kaka, nina neno na wewe. Dakika mbili."

Alimwingiza kwenye stoo ya karatasi, akafunga mlango. Walisimama katikati ya maboksi, na hakuzunguka, kwa sababu angezunguka angeshindwa.

"Galaksi yako ni pandikizi. Ni la kwangu. Nilipandikiza kumi na matatu, nikaandika kumi na mawili. Lile la majaribio sikulifuta. Kaka, nisamehe, sijui niseme nini, nisamehe."

Mzee Bado alimtazama. Uso wake haukubadilika mara moja. Ulibaki na tabasamu la korido kwa muda, kisha likamdondoka kidogokidogo mpaka ukabaki uso mtupu.

"Unatania," alisema.

"Natamani ningekuwa natania."

"Umeangalia vizuri?"

"Nimefungua ramani safi sasa hivi. Mahali pale ni patupu."

"Umefungua ramani safi," alirudia taratibu, na akayakimbiza macho yake kwenye boksi la bahasha.

Hapo Shangazi alipigwa butwaa la pili, na la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. "Kaka. Wewe uliifungua, si ndiyo? Umeandika kwenye ripoti kwamba uliifungua. Ukurasa wa nne."

Mzee Bado aliendelea kulitazama boksi. Nje, mtoto wake mmoja alikuwa anacheka kwa sauti.

"Nipe mpaka Jumatatu," Mzee Bado alisema hatimaye. "Leo iishe, kesho niage, Jumatatu useme. Nitakuwa nyumbani. Siku nne, dada. Galaksi haina haraka."

"Saa sita hii dunia nzima inatangaziwa! Watu watageuza antena zao huko, watapoteza msimu mzima wakitafuta namba yangu ya shule!" Alijishika mdomo, akashusha sauti. "Siwezi. Lakini sikiliza, nitasema ni kosa langu. Na ni langu kweli. Nitasimama kabla yako, niseme nilipandikiza kumi na matatu. Wewe kaa kimya tu. Hakuna atakayekulaumu, uliletewa ramani mbovu. Wataniwakia mimi."

"Watakufukuza."

"Wanifukuze."

Alijipapasa tai aliyonyooshewa. "Haya," alisema. "Sema lako."

Ukumbini walikuwepo watu kama sitini. Mkurugenzi alifungua kwa hotuba ndefu. Yeye alikuwa mtu wa jua. Maisha yake yote alisomea jua, na galaksi za mbali alizijua kama mtu anavyowajua ndugu wa mkewe walio ng'ambo, kwa majina na picha. Alimsifu Mzee Bado kwa uvumilivu. Alitaja majua mia sita, waandishi wakaandika. Aliposema "na sasa namkaribisha," Shangazi alikuwa ameshasimama, ameshafika mbele, ameshakamata kipaza sauti.

Alisema yote. Alisema kwa sentensi fupi. Alitaja programu, umeme, orodha, namba mbili. Alisema kosa ni lake na halina mshirika.

Nakwambia, ukumbi ulikufa. Mwandishi mmoja aliyekuwa anapiga picha aliishusha kamera yake akasahau kuizima taa. Mke wa Mzee Bado, aliyekaa kiti cha mbele, alikuwa bado na tabasamu, kwa kuwa hakuwa ameelewa. Kisha binti yake akamnong'oneza, na akaweka mkono kifuani.

Mkurugenzi alikuwa wa kwanza kupata ulimi. Naye ulimi wake, kama ilivyo kwa wakurugenzi, ulitafuta pa kutokea.

"Lakini si kuna ile ramani safi?" aliuliza, akimgeukia Mzee Bado. "Mzee, wewe uliithibitisha huko. Uliiangalia?"

Shangazi alimtazama Mzee Bado na kumwomba kwa macho. Angeweza kusema sikumbuki. Angeweza kuinamisha kichwa tu, watu wangemwonea huruma, wangesema maskini amevunjika. Angeweza kukaa kimya kama walivyokubaliana stoo.

Mzee Bado alisimama. Aliwatazama watoto wake watatu, mmoja mmoja.

"Niliiangalia," alisema. "Ilikuwemo."

Shangazi hakuamini masikio yake. Ilikuwemo? Ilikuwemo vipi? Kama pandikizi lilikuwemo hata kwenye ramani safi, na leo halimo, maana yake ni moja tu: kwamba Shangazi aliichafua na ramani safi, kisha leo asubuhi akaisafisha kwa siri. Hilo halikuwa tena kosa la mama aliyesahau kufuta. Huo ulikuwa uhuni, na vijana wa kituo walioijua kazi walikuwa tayari wamemgeuzia macho. Mtu aliyemletea uji alipougua, aliyemwita dada miaka kumi na tisa, alikuwa amemsukumia mzigo huu bila hata kupepesa.

Na hasira ikamjaa, ile hasira inayokausha machozi.

"Basi ifungue," alisema.

"Nini?"

"Ramani safi. Ina kumbukumbu, kaka, unajua. Kila mtu anayeifungua, mashine inaandika jina, siku na saa. Kompyuta hiyo hapo, picha yake inaonekana ukutani. Ifungue hapa mbele yetu, tuone siku uliyoiangalia."

Aliyasema haya kwa sauti ya kazini, ile ya kumsema mtu aliyeacha kikombe kichafu. Alipoyamaliza tu, akatamani ayarudishe.

Mzee Bado alikwenda kwenye kompyuta. Alikwenda mwenyewe, hakusukumwa. Aliketi, akavaa miwani, akaweka mkono kwenye kipanya. Mkono ulikaa pale muda mrefu mpaka Mkurugenzi akaanza kusema labda tupumzike kidogo, na hapo ukasogea. Hakufungua kumbukumbu. Alifungua ramani yenyewe. Ukutani kukatokea anga la vidoa vya kijivu, pana kuliko meza kumi. Akaandika 614. Akaandika 273. Picha ikasogea, ikakua, ikatulia.

Alitazama. Watu wote walitazama. Hakukuwa na galaksi wala gesi wala nyota iliyozaliwa pale. Kelele tu.

"Sikuifungua," Mzee Bado alisema. Hakutumia kipaza sauti, lakini kila mtu alisikia. "Tangu mwezi wa tatu. Kila asubuhi nilikuwa naweka mkono hapa hivi, kisha nauondoa. Nikijiambia kesho. Niliogopa kuona hiki." Alivua miwani. "Nimeandika uongo, na leo nimesema uongo mbele ya wanangu. Dada, nisamehe."

Mkurugenzi aliahirisha kila kitu kwa maneno ambayo hakuna aliyeyasikiliza. Waandishi walitoka mbiombio, simu masikioni, maana sasa walikuwa na habari nzuri kuliko ile waliyoitiwa. Vijana wa kituo walitoka bila kuangaliana. Mzee Bado alibaki kwenye kiti chake, amegeukia ukuta, na watoto wake watatu wamesimama nyuma yake, hawajui wamshike wapi.

Shangazi hakuweza kumsogelea. Alisimama kando ya mlango, na hapo ndipo mke wa Mzee Bado alipomjia. Alijiandaa kutukanwa. Kwa kweli alitaka kutukanwa.

"Wifi," alisema haraka, kabla hajaanzwa, "kosa lilikuwa langu. Nilimwambia anyamaze tu, nilibebe mimi. Angenyamaza, angetoka hapa na heshima yake yote. Wallahi sikutaka ifike huku."

Mke wa Mzee Bado alikuwa anatazama ukuta. Hakuwa analia. Alikuwa na uso wa mtu anayejaribu kuelewa bei aliyotajiwa.

"Hiyo ramani," alisema. "Ni ngumu kuifungua?"

"Hapana. Si ngumu."

"Inataka ruhusa?"

"Bahasha ikishafunguliwa, haitaki. Mtu yeyote wa kituo anaweza."

"Mtu yeyote." Aliwaza kidogo. "Yeye aliogopa, sawa, nimemsikia. Ilikuwa yake, alikuwa anastaafu. Lakini nyinyi wengine, miezi mitano yote. Mkurugenzi. Hao vijana. Hata wewe, wifi, uliyezipanda hizo za uongo, unayejua kwamba zimo humo." Alimgeukia, na hakukuwa na ukali wowote kwenye sauti yake, alikuwa anauliza tu. "Wewe uliifungua lini?"

Shangazi alikumbuka siku ya bahasha, jinsi alivyopiga makofi mpaka viganja vikamwasha, jinsi alivyorudi chumbani kwake akiimba, ramani safi ikiwa pale pale kwenye skrini, kwa kubonyeza mara moja.

"Leo," alisema. "Leo saa nne."

Mke wa Mzee Bado alitikisa kichwa, akaenda kumshika mumewe mkono.